Kiwanja kikifa, kombe linabaki sufuria

Ukitaka kuua mchezo, usihangaike na makombe yake. Usiguse ligi, usiguse mastaa, usiguse hata wadhamini. Chukua kiwanja tu. Halafu kaa pembeni, subiri miaka ishirini. Utakuja kuzika.

Sisi watu wa mpira tunalijua hili, ila tunalisema kwa kunong'ona. Kuna wenzetu walioliona likitokea kwa macho yao, tena katika mchezo usiofanana kabisa na wetu. Ni wale mafundi wa Marekani waliokuwa wanaokota gari chakavu, wanalivua madigadi, wanaichokonoa injini mpaka inatoa nguvu ambayo kiwanda hakikuwahi kuiota, kisha wanakwenda kushindana nalo. Gari la namna hiyo wenyewe wanaliita hotirodi.

Najua unachojiuliza. Nchi nzima inabishana kuhusu penalti na usajili, huyu anatuletea habari za gereji? Nivumilie kidogo. Badilisha neno gari, weka neno mpira. Badilisha ziwa lililokauka, weka mchangani. Utashangaa jinsi hadithi inavyokaa sawasawa.

VYUMA CHAKAVU NA UDONGO MKAVU

Tuanzie California ya kusini, miaka ya 1930. Uchumi wa dunia umeanguka, ajira hakuna, vijana wamekaa vijiweni. Gari jipya ni ndoto. Lakini Ford kuukuu zimejaa kila kona, zile za Model T na Model A, na zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Mwaka 1932 Ford wakafanya jambo. Wakatoa gari la bei ya mtu wa kawaida lenye injini ya V8, silinda nane, nguvu ya farasi 65. Leo namba hiyo inachekesha, hata kigari cha kwendea sokoni kinaizidi. Wakati ule silinda nane zilikuwa mambo ya matajiri. Ghafla zikawa mikononi mwa mtoto wa fundi bomba.

Sasa kijana anafanya nini? Kwanza anapunguza uzito. Madigadi chini. Bampa chini. Boneti chini. Gari linabaki kama mchezaji aliyevua koti la mazoezi. Kisha anahamia kwenye injini. Palipokuwa na kabureta moja anafunga mbili au tatu, injini inywe inavyotaka. Kichwa cha silinda anakikwangua kipungue unene, mgandamizo upande. Kemshafti, ile shafti inayofungua na kufunga valvu, anaichonga upya ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi. Maduka ya vifaa hivyo hayakuwa mengi. Ukikosa, unatengeneza mwenyewe. Ukiharibu, unaanza upya.

Ndiko walikotoka akina Vic Edelbrock na Ed Iskenderian. Edelbrock alikuwa fundi wa gereji aliyebuni njia yake mwenyewe ya kugawa hewa na mafuta kwenye silinda, akaijaribu kwenye gari lake la 1932. Iskenderian, kutoka familia ya wahamiaji wa Kiarmenia, akawa mchonga kemshafti. Baadaye majina yao yakawa majina ya makampuni yanayojulikana duniani. Lakini hawakuanza kama makampuni. Walianza kama wachezaji.

Na kiwanja chao kilikuwa wapi? Jangwani, kaskazini mwa Los Angeles. Kule kuna maziwa yaliyokauka zamani sana, yakaacha udongo mgumu uliolala tambarare kama meza. Maarufu zaidi lilikuwa Muroc. Vijana walitoka mjini usiku, wakalala pembeni ya magari, alfajiri wakavua madigadi na taa, wakaanza kukimbizana na saa. Jioni wanarudishia kila kitu, wanarudi mjini na gari lilelile. Jumatatu asubuhi gari hilohilo linawapeleka kazini.

Mwaka 1937 klabu kadhaa zikaungana, zikaunda chama cha kusimamia mbio hizo, SCTA. Sikiliza majina ya klabu zenyewe: Road Runners, Throttlers, Sidewinders. Walikuwa na mikutano, na ada, na pointi za msimu mzima. Aliyemaliza kinara alipata heshima ya kubandika namba 1 kwenye gari lake msimu unaofuata.

Unaona tunakokwenda? Hiyo ni ligi. Haikuletwa na serikali, wala na mdhamini. Imeanzishwa na vijana wenye grisi kwenye kucha, juu ya ardhi ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka.

TENKI LA NDEGE LIKAWA GARI

Vita Kuu ya Pili ikaingia, wengi wakaenda jeshini. Waliorudi walirudi na ujuzi. Mtu ameshinda miaka akifungua injini za ndege, utamwambia nini kuhusu injini ya Ford?

Alex Xydias ni mmoja wao. Mwaka 1946 alipotoka tu jeshini akafungua duka la vifaa vya magari ya mbio, akaliita So-Cal Speed Shop. Mwaka huohuo jamaa mwingine, Bill Burke, akaja na wazo ambalo leo ungemwita kichaa. Ndege za kivita zilikuwa zinabeba matenki ya ziada ya mafuta chini ya mabawa, yakiisha rubani anayaachia yaanguke. Vita vilipokwisha, matenki hayo yakauzwa kama mabaki ya jeshi. Burke akaliangalia tenki, umbo lake kama tone la maji, akaona bodi ya gari. Akafunga magurudumu na injini, dereva akajikunja ndani.

Xydias naye akatengeneza la kwake, kutokana na tenki la ndege aina ya P-38. Mwaka 1952 gari hilo lilipita kasi ya maili 198 kwa saa, karibu kilomita 320. Tenki la kutupa, jamani! Xydias aliishi mpaka 2024, akafariki akiwa na miaka 102, na mpaka uzeeni watu walikuwa wanamfuata awasimulie habari za tenki lile.

Januari 1948 wakafanya maonyesho makubwa ya kwanza pale Los Angeles. Nje, kwenye ngazi, vijana wawili, Robert Petersen na Robert Lindsay, walikuwa wanauza gazeti jipya kwa senti 25. Jina lake Hot Rod. Petersen akaja kuwa tajiri mkubwa wa magazeti. Mchezo ukapata sauti.

Kulikuwa pia na kundi jingine, ambalo kwao kasi haikuwa jambo la kwanza. Hawa walikuwa wanatafuta uzuri. Wanakata nguzo za paa, wanalishusha gari, wanaziba maungio kwa risasi iliyoyeyushwa mpaka bodi inateleza kama samaki. Ndugu wawili, Sam na George Barris, ndio waliotamba hapo. Na vijana wenye asili ya Mexico walikuwa na mtindo wao: gari liwe chini kabisa, litembee taratibu, kila mtu alione. Sheria ya California ikaja kupiga marufuku gari ambalo bodi yake iko chini ya rimu za magurudumu. Mwaka 1959 fundi mmoja, Ron Aguirre, akafunga mfumo wa pampu za majimaji: gari likiwa mbele ya askari linapanda, askari akigeuka linashuka. Hiyo ni chenga. Huwezi kuniambia si chenga.

"WAHUNI" WA CALIFORNIA

Sasa tusidanganyane. Si wote walikwenda jangwani. Wengi walishindana barabarani, usiku, taa kwa taa. Watu walikufa. Wengine hawakuwa hata madereva, ni wapita njia. George Lucas, huyu mtengeneza sinema, alinusurika katika ajali mbaya mwaka 1962 kule Modesto akiwa bado anasoma sekondari. Mwaka 1973 akatoa American Graffiti, sinema ya vijana na magari yao katika mji uleule, na ile Ford ya njano ya 1932 ikaingia vichwani mwa watu duniani kote. Mtu aliyekaribia kufa ndiye aliyetuachia kumbukumbu tamu zaidi ya enzi zile.

Kwa hiyo magazeti yalipowashambulia wenye hotirodi, hayakuwa yanatunga yote. Neno lenyewe likawa tusi. Ukisema kijana wako ana hotirodi, jirani anakuonea huruma.

Mzee yeyote aliyecheza mpira hapa kwetu zamani atakwambia anaifahamu hali hiyo. Mpira uliitwa uhuni. Mzazi anachoma viatu. Baba mkwe anauliza, "Mbali na kucheza mpira, unafanya kazi gani?" Leo wazazi walewale wanawapeleka wajukuu wao kwenye majaribio.

Nini kilibadilisha mambo kule California? Hapa ndipo hadithi inapokuwa ya maana kwetu.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Wally Parks. Mwanachama wa Road Runners, askari aliyerudi kutoka vitani Pasifiki, baadaye mhariri wa lile gazeti la Hot Rod. Hoja yake ilikuwa nyepesi kabisa: ukimkataza kijana kukimbia barabarani bila kumwonyesha pa kukimbilia, umemhamisha tu mtaa. Mpe mahali. Mpe saa ya kupima. Mpe kanuni na mkaguzi wa breki. Halafu ndiyo umkamate atakayerudi barabarani.

Muroc jeshi lilikuwa limeshaichukua, leo ni kambi ya anga ya Edwards. Wakahamia El Mirage. Mwaka 1949 wakapata ruhusa ya kwenda Utah, kwenye bonde kubwa la chumvi la Bonneville. Mwaka 1950, pale Santa Ana, jamaa mmoja aitwaye C.J. Hart na wenzake wakaanza kufanya mbio za Jumapili kwenye njia ya kurukia ndege: magari mawili, mstari ulionyooka, robo maili, yaani mita 402, wa kwanza kufika kashinda. Hizo ndizo mbio za dragi.

Mwaka 1951 Parks akaanzisha chama cha taifa, NHRA. Mbio za kwanza rasmi za chama hicho zikafanyika Pomona mwaka 1953. Na nani aliwasaidia Pomona? Polisi. Mkuu wa polisi wa mji, Ralph Parker, aliona heri vijana wakimbie kwenye eneo la maegesho ya viwanja vya maonyesho kuliko kwenye mitaa yake. Sajenti wake, Bud Coons, ndiye aliyeongoza kikosi cha watu wanne ambacho kuanzia 1954 kilizunguka Marekani na gari moja na trela, kikifundisha miji mingine namna ya kuandaa mbio salama. Mwaka 1955 wakafanya mashindano ya kwanza ya taifa huko Great Bend, Kansas, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa jeshi.

Soma tena hapo. Askari aliyekuwa anawafukuza amegeuka kuwa mwalimu wa marefa. Na hakugeuzwa na hotuba. Aligeuzwa na kiwanja.

SIKU LIONS ILIPOZIMWA

Hapo ndipo wengi wangemaliza hadithi. Vijana wakapata viwanja, mchezo ukakua, wakaishi raha mustarehe. Bahati mbaya haikwenda hivyo.

Kulikuwa na uwanja unaitwa Lions, pale Wilmington, jirani na bandari ya Los Angeles. Ulifunguliwa 1955 kwa msaada wa klabu za Lions, ndiyo maana ya jina. Meneja wake wa kwanza alikuwa Mickey Thompson, yule ambaye mwaka 1960 alivuka maili 400 kwa saa kule Bonneville kwa gari alilolijenga mwenyewe. Kwa mtu wa dragi, Lions ilikuwa kila kitu. Ni kama kusema Uwanja wa Uhuru kwa mzee wa Kariakoo.

Malalamiko ya kelele yakawa mengi. Desemba 2, 1972, wakafanya mbio za mwisho. Watu walijaa mpaka wakafurika, na wengine wakaondoka na vipande vya uwanja kama kumbukumbu. Asubuhi yake hakukuwa na uwanja.

Santa Ana nayo ilikuwa imeshafungwa, 1959. Orange County, uwanja wa kisasa uliofunguliwa 1967, ukafungwa 1983, ardhi ikaendelezwa. Irwindale ikafungwa Desemba 2024. Kile kipande cha California ambako mchezo wote ulizaliwa kimekuwa kama mtaa uliotoa mastaa kumi lakini leo hauna hata goli la miti.

Hata Bonneville, ambayo hakuna anayeweza kujenga ghorofa juu yake, inaumwa. Tabaka la chumvi limepungua. Mwaka 2014 na 2015 mbio kubwa za Agosti zilifutwa kwa sababu chumvi haikufaa kukimbilia. Madereva wamekuwa wakiulalamikia uchimbaji wa potashi ulio jirani, na miaka nenda rudi wanadai chumvi irudishwe bondeni. Ndiyo, wapo watu wazima wanaopigania chumvi. Mimi siwacheki. Ukiona mtu anapigania udongo, ujue ameshaelewa mchezo unakaa wapi.

KUMBUKUMBU ZIMEJAA, WATOTO WAKO WAPI?

Nini kilibaki? Kumbukumbu. Na kusema kweli, wanazitunza vizuri kuliko sisi. Tangu 1992 wakongwe wanakutana Famoso, karibu na Bakersfield. Magari ya zamani yanasukumwa, yanawashwa, yananguruma yakiwa yamesimama palepale. Wazee wanalia. Pomona kuna makumbusho yenye jina la Wally Parks. Los Angeles kuna jingine lenye jina la Petersen.

Na pesa zimekuja. Kuna gari moja, Mercury ya 1951, ambayo akina Barris walimtengenezea kijana aitwaye Bob Hirohata. Mwaka 1959 kijana mwingine alilinunua likiwa limeshachoka, kwa dola 500. Akakaa nalo maisha yake yote, akalirudishia uzuri wake taratibu na familia yake. Alipofariki likapigwa mnada, Januari 2022, kwa karibu dola milioni 2. Lile gari la Batman la kwenye televisheni, la George Barris pia, lilikuwa limeshauzwa 2013 kwa zaidi ya dola milioni 4.

Sina ugomvi na pesa hizo. Bila pesa magari hayo yangeoza. Ila jiulize: kijana wa leo mwenye dola 500 anaingilia mlango upi?

Mwaka 1950 walianzisha maonyesho Oakland, wakaweka kombe la urefu wa futi 9 kwa gari zuri kuliko yote ya wazi. Mshindi wa kwanza alikuwa Bill NieKamp, na Ford yake ya 1929 aliyoijenga mwenyewe. Unajua alifanya nini baada ya kushinda? Mwaka 1952 alilipeleka gari lilelile El Mirage, likakimbia maili 142 kwa saa. Gari bingwa wa urembo, kwenye vumbi!

Kombe lile bado lipo na bado ni refu. Lakini magari mengi yanayoligombea siku hizi hufika ndani ya trela lililofungwa, yamejengwa na mafundi wa kulipwa kwa pesa za mtu mwingine. Tajiri ananunua, fundi anajenga, sisi wengine tunapiga picha. Ni kazi nzuri sana, siwezi kuibeza. Lakini mchezo ulioanza kwa mtu kujitengenezea umekuwa mchezo wa mtu kutengenezewa. Na hilo linatokea pale njia ya chini inapokatika. Kiwanja cha bure kikiondoka, anayebaki ni mwenye uwezo wa kulipia.

SASA TURUDI MCHANGANI

Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala. Kabla ya Simba, kabla ya TP Mazembe, kabla ya Genk na Aston Villa, kulikuwa na vumbi la Mbagala. Hakuna skauti aliyelitengeneza vumbi hilo. Lilikuwepo tu, kwa sababu kulikuwa na ardhi ambayo bado hakuna aliyeipigia hesabu.

Sasa pita Dar es Salaam uhesabu. Eneo la wazi ulilocheza ukiwa darasa la nne leo lina nini? Fremu za maduka. Kituo cha mafuta. Makontena. Pengine yadi ya magari, ili kejeli ikamilike. Kona iliyobaki ina goli moja, lingine limeliwa na ukuta wa mtu. Watoto wanacheza goli moja, kipa anadakia timu zote mbili.

Kila mara jibu ni lilelile. "Siku hizi akademi zipo." Sawa, zipo. Ada yake shilingi ngapi? "Siku hizi kuna viwanja vya nyasi bandia." Vipo, vizuri kabisa, unalipia kwa saa. Huyo ndiye mtu wa trela lililofungwa. Mwenye nacho atacheza, na wala si kosa lake. Mtoto wa mama muuza vitumbua ataangalia kupitia wavu.

Halafu baada ya miaka tutakaa studio tukiulizana kwa nini hatuzalishi washambuliaji. Tutalaumu kocha. Tutalaumu wachezaji wa kigeni. Tutaunda kamati.

Kuna wanaosema ardhi ya mjini ni ghali, huwezi kuiacha ikae bure kwa ajili ya watoto kukimbizana. Hoja hiyo ina uzito, mji unakua na watu wanahitaji maduka na nyumba. Lakini California nayo ilikuwa na hoja hiyohiyo, tena na pesa kutuzidi. Ukweli ni kwamba kiwanja hakikai bure. Kinazalisha kitu ambacho risiti yake inachelewa. Fremu inalipa kodi mwezi ujao, kiwanja kinalipa baada ya miaka kumi na tano. Ndiyo maana fremu inashinda kila kikao.

Kuna jambo moja zaidi la kujifunza kwa wale jamaa. Angalia uwanja uliopona. Pomona bado upo, mbio zinaendelea kufanyika palepale tangu 1953. Uko ndani ya viwanja vya maonyesho vya kaunti ya Los Angeles, mahali penye mwenyewe, penye ofisi na makaratasi. Santa Ana ilikuwa njia ya ndege ya kuazima. Kiwanja cha kuazima ni kama mchezaji wa mkopo: ukishamzoea, mwenyewe anakuja kumchukua.

Viwanja vyetu vingi vya mchangani ni vya mkopo bila hata mkataba. Ni vya wote, maana yake si vya mtu. Kila mtu anakitumia, hakuna anayeshika karatasi. Siku mwenye karatasi akitokea na mafundi wa ukuta, sisi tunabaki na hadithi kwamba fulani alipiga mashuti pale.

Kwa hiyo hili ndilo ninalolitaka, na linaanzia kwako shabiki, kabla ya TFF na kabla ya wizara. Mkutano ujao wa mtaa nenda. Najua huwa huendi, unaona ni mambo ya wazee. Nenda, nyoosha mkono, uliza swali moja: kiwanja chetu kimesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni shule, ionekane. Kama ni halmashauri, iandikwe kuwa ni eneo la michezo na ramani ibandikwe ofisini kila mtu aione. Kama ni cha mtu binafsi, tujue mapema, tutafute kingine kabla hajaja na matofali.

Pili, timu za mtaani zijipange kama zile klabu za 1937. Ratiba, uongozi, ada hata ya mia tano, zamu ya kufyeka majani. Kiwanja chenye ratiba ni kigumu kuvamia. Kiwanja kinachoonekana kitupu mchana kutwa kinamwita mvamizi kwa jina lake. Ndondo Cup imetuonyesha kwamba mchangani watu wanajaa kuliko mechi nyingine za ligi. Nguvu hiyo ipo. Itumike pia kwenye makaratasi, isiishie kwenye vuvuzela.

Tatu, tutafute sajenti wetu. Kila kata ina ofisa mmoja, diwani mmoja, mkuu wa kituo mmoja anayejua kwamba kijana aliye uwanjani saa kumi na moja jioni hayuko kwingine. Pomona walimpata wa kwao kwa sababu walimfuata. Sisi wetu tunakutana naye siku ya bomoabomoa tu.

Na klabu kubwa zetu, hizi zinazotikisa nchi kwa usajili wa mabilioni, zijue kwamba zinavuna kwenye shamba ambalo hazipandi. Pesa ya mchezaji mmoja wa kigeni aliyekuja, akakaa benchi nusu msimu, akaondoka na mizigo yake, ingeweza kuweka uzio na goli za chuma kwenye viwanja vingapi? Siombi kiwanja chenye taa. Naomba magoli mawili na hati.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wale wazee wa Lions walicheza kwao, wakatunzwa, wakashangiliwa, na leo wanakutana kila mwaka kuwasha injini mahali pengine, kwa sababu kwao hakupo tena. Wana makombe, wana picha, wana makumbusho. Wangekupa vyote ukiwarudishia ile robo maili yao.

Sisi bado tuna viwanja vichache vilivyobaki. Kesho saa kumi na moja jioni pita kwenye kimoja, angalia watoto wanavyokimbia. Halafu keshokutwa asubuhi nenda ofisi ya mtaa, ukaulize karatasi iko wapi.